Sura tisa zipo, ya kumi imegoma: kosa ni la gemu au la riwaya yenyewe?

#1 Kalamu ya Chumbageni
Wakuu, salaam, hasa wa Tanga.

Kuna kijana wa hapa Chumbageni anaandika riwaya ya kihistoria kuhusu Vita vya Tanga, vile vya Waingereza na Wajerumani. Sura tisa zipo, kama maneno 21,000. Nimezisoma zote na nasema bila kupepesa macho kwamba kijana anajua kuandika. Sura ya kumi ndiyo haiendi. Kila jioni anafungua faili, anasoma aya ya mwisho, anasogeza koma mbili, kisha anaingia kwenye gemu la mtandaoni na wenzake watatu mpaka usiku mkubwa. Nyumbani wameshaamua kuwa gemu ndilo linaloua kitabu. Mimi pia naona hivyo, ila nataka kuwasikia wanaoandika na wanaoyajua magemu haya kwa undani. Afanye nini hasa? Tusiambiane "ajitume". Nataka hatua.

#2 Mgosi wa Muheza
Gemu ndilo. Mshika mbili moja humponyoka. Alifute leo leo, kesho sura ya kumi inaanza. Na bando anapata wapi, maana gemu la mtandaoni linakula bando kama moto.

#3 Fundi Simu Makorora
Mgosi, nikusahihishe mawili kabla kijana hajabonyeza kitu.

La kwanza ni bando. Kucheza kwenyewe hakuli sana, ni megabaiti makumi kwa saa, kwa sababu picha zote zimeshakaa kwenye simu na kinachopita mtandaoni ni taarifa ndogo za nani yuko wapi na nani amepiga. Kinachomaliza bando ni masasisho ya gemu, na zile video za kuangalia wengine wakicheza. Kwa hiyo kumnyima bando hakutamzuia kucheza. Kutamzuia kusasisha tu.

La pili ni kufuta. Aangalie kwanza anaingiaje. Kama anatumia akaunti ya mgeni, yaani hajaiunganisha na Google wala Facebook, akifuta programu anapoteza ranki, yaani ngazi aliyofikia kwenye gemu, na vitu vyote. Atatumia miezi ijayo kuvirudisha badala ya kuandika. Aunganishe akaunti, atoke, aingie tena ahakikishe inafunguka, ndipo afute. Vitu vyake vitakaa salama kwenye seva. Na hapo kuna faida, kwamba kurudisha gemu na ramani zake kunataka gigabaiti moja na zaidi, na yale makubwa hutaka kadhaa. Saa nne za usiku, kwa bei ya bando ilivyo, mtu anasita. Huo msito mdogo ndio tunaoutafuta.

Wengi watamwambia aweke kikomo cha muda kwenye mipangilio ya Android. Kipo, kinafanya kazi: dakika zikiisha ikoni inageuka kijivu na programu haifunguki. Lakini hesabu yake huanza upya saa sita kamili usiku. Kwa anayecheza mpaka usiku mkubwa, simu inamwongezea dakika mpya saa ileile aliyopaswa kuwa amelala. Tena anaweza kukiondoa mwenyewe bila kuuliza mtu.

Ninachopendekeza ni mtumiaji wa pili kwenye simu hiyohiyo. Nenda mipangilio, tafuta sehemu ya watumiaji, ongeza mmoja, mpe nywila yake. Ndani yake weka programu ya kuandikia na kamusi tu. Usiweke gemu, WhatsApp wala akaunti ya barua pepe anayoitumia kila siku. Ukihamia huko, arifa za skwadi, wale wenzako wa gemu, hazikufikii. Simu nyingi za Samsung hazina kitu hiki, tableti zake ndizo zenye nacho. Na baadhi ya simu za bei nafuu zimekifunga, kwa hiyo ajaribu kabla ya kukitegemea.

#4 Binti Mwambao
Fundi umesema vizuri upande wa simu, lakini hujaeleza kwa nini anarudi kila siku. Gemu limejengwa limrudishe.

Tazama hesabu. Free Fire ina wachezaji 50, mechi moja ni kama dakika kumi. PUBG Mobile ina 100, na ramani yake kubwa inafika nusu saa. Zote hazisimamishwi katikati. Ukitoka unawaacha wenzako wapungufu na unapoteza pointi za ranki. Kwa hiyo mwenye dakika 40 za kuandika akijiambia "nacheza moja tu", moja inakuwa tatu, kwa sababu ya kwanza amekufa mapema na ya pili amebakia kidogo ashinde.

Halafu kuna zawadi ya kuingia kila siku, kazi za siku ambazo usipozifanya leo zimepita, na msimu wa ranki ambao ukiisha unashushwa ngazi uanze kupanda tena. Na sanduku la zawadi hujui litatoa nini. Mwanasaikolojia B. F. Skinner aliyaonyesha haya kwa njiwa na panya karne iliyopita, kwamba zawadi isiyotabirika humfanya mnyama aendelee kudonoa kuliko inayokuja kila mara. Riwaya haina hata kimoja kati ya hivi. Sura ikiisha hakuna kengele inayolia, na skwadi haikusubiri uandike.

Kwa hiyo si uvivu wa kijana. Ni mashindano yasiyo sawa.

#5 Mhariri wa Kale
Nimesoma mpaka hapa na naona wote mnaitazama simu. Mimi naitazama sura ya kumi.

Sura tisa za kwanza za riwaya ya kihistoria mara nyingi ni mji, familia, mapenzi, fununu za vita. Hizo mtu anaziandika kwa kumbukumbu na kwa masimulizi ya wazee. Sura ya kumi, kama hesabu yangu ya maneno si mbaya, ni pale jeshi linaposhuka. Hapo inabidi ajue nani amesimama wapi, saa ngapi, ana silaha gani, treni imetoka wapi. Asipojua, mkono unasimama. Mkono ukisimama akili inatafuta mahali inapoweza kushinda, na gemu lipo mfukoni. Mkiliondoa gemu leo, kesho atafua nguo au atapanga vitabu.

Ushauri wangu kwake ni huu. Achukue karatasi, si simu. Aandike matukio ya sura ya kumi hadi ya kumi na tatu, kila tukio sentensi moja yenye mtu, anachotaka, na kinachomzuia. Tukio lisilo na kizuizi alikate, maana hilo ndilo linalomlaza. Anapoandika na kukuta asichokijua, asisimame kukitafuta. Aweke alama ya xx na neno moja, kwa mfano "xx treni", asonge mbele. Kiswahili hakina herufi x, kwa hiyo siku ya utafiti ataitafuta xx kwenye faili na zitatokea alama zake tu. Anayetoka kwenye faili "kuangalia kitu kimoja mtandaoni" hurudi baada ya saa mbili akiwa na habari ishirini na hana aya.

Na mwisho wa zamu asimalizie tukio. Mwandishi Hemingway alishauri mtu aache anapojua kinachofuata. Kesho yake hakuna ukurasa mweupe wa kuogopa.

#6 Mgosi wa Muheza
Mhariri, heshima yako mzee, lakini hapo nakataa. Watu wangapi wana gemu na hawana riwaya? Wangapi wana riwaya ngumu na hawachezi, na wanamaliza? Shaaban Robert alizaliwa Vibambani hapa hapa, akafanya ukarani wa serikali, Pangani na Tanga, na vitabu vyake vikatoka. Alikuwa na kazi ya kutwa, hakuwa na skwadi.

#7 Mwana Kimanumanu
Huyo kijana ameshakuwa mgonjwa. WHO, Shirika la Afya Duniani, wamelitangaza gemu kuwa ugonjwa. Apelekwe hospitali tumalize.

#8 Nesi wa Raskazone
Mwana Kimanumanu, taratibu. WHO haikusema gemu ni ugonjwa. Kilichoingizwa kwenye ICD-11, orodha yake ya magonjwa, iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, ni tatizo la uchezaji lenye dalili tatu kwa pamoja: mtu ameshindwa kudhibiti uchezaji wake, gemu limetangulizwa mbele ya mambo mengine ya maisha, na anaendelea au anazidisha ingawa madhara yanaonekana. Tena iwe imevuruga kwa uzito familia, masomo au kazi, na kwa kawaida iwe imeonekana kwa muda usiopungua miezi 12. Kuchelewesha sura ya kumi hakuingii hapo. Angekuwa haendi kazini, halali na hali, tungezungumza mengine.

Swali langu kwa mwanzisha uzi ni usingizi. Anaamka saa ngapi? Anayelala saa nane usiku akaamka saa kumi na mbili hana akili ya kupanga matukio jioni yake, lakini akili ya kufyatua bunduki kwenye kioo anayo. Gemu linacheza na mwenye usingizi, riwaya inamkataa. Warekebishe hapo kwanza.

#9 Mpiga Chapa Ngamiani
Nakazia la Nesi. Na hapo ndipo bando la usiku linapoingia, maana vifurushi vya bei poa huanza usiku wa manane. Kijana anasubiri saa sita ndipo apakue na acheze. Bei ya data ndiyo inayompangia saa za kulala. Fundi alisema bando halizuii kucheza, sawa, lakini linaamua *saa* ya kucheza.

#10 Fundi Simu Makorora
#9 umenipata. Kweli kabisa, sikulitazama hivyo. Basi masasisho yapakuliwe mchana kwa Wi-Fi ya mtu, usiku simu ikae sebuleni kwenye chaji.

#11 Askari Kanzu
Samahani mimi ndiye kijana mwenyewe, nimetumiwa uzi huu na dada. Asanteni kwa kunijali.

Akaunti nimeiunganisha na Google siku nyingi. Gemu ni Free Fire, tunacheza kuanzia saa tatu usiku. Naandika kwenye simu hiyohiyo. Mzee Mhariri amegusa penyewe: sura ya kumi ni Waingereza wanashuka Tanga mwaka 1915, na sijui mhusika wangu, kuli wa bandarini, angekuwa upande gani wa mji siku ile. Nikifika hapo nafunga faili.

Lakini na mimi nauliza. Kuna siku nacheza kwanza mechi mbili ndipo naandika, na siku hizo mazungumzo ya wahusika yanatoka makali. Je, gemu halisaidii kidogo?

#12 Reli ya Mombo
Kijana, rekebisha mwaka kabla wasomaji hawajakurukia. Ni Novemba 1914. Meli zilifika tarehe 2, wanajeshi wakashukia Ras Kasone, mapigano makubwa yakawa tarehe 4, na tarehe 5 walikuwa wanarudi melini. Waingereza walileta kama watu 8,000, wengi wao kutoka India, chini ya Jenerali Aitken. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na kama 1,000, wengi wao askari Waafrika.

Kuhusu treni, reli ilianza kujengwa Tanga 1893 na kufikia wakati wa vita ilikuwa imefika Moshi. Vikosi vya kuongeza nguvu vilitoka upande wa Kilimanjaro kwa reli hiyo. Kwa hiyo kuli wako ana mahali pazuri pa kuwa: stesheni, akipakua risasi na chakula, si ufukweni. Ufukweni angeona watu wanashuka tu. Stesheni anaona mji unajaa askari, anasikia lugha, anajua mambo kabla ya wengine. Mapigano yenyewe yaliingia mpaka mitaa ya karibu na reli, hatalazimika kwenda mbali.

Nyuki pia usiwasahau, ila usiandike kwamba Wajerumani waliwatega kwa kamba. Hiyo ni ngano. Risasi zilivuruga mizinga iliyokuwa mitini na nyuki wakawauma wa pande zote mbili. Nenda makumbusho ya Urithi, pale Boma la Kale, wana picha za mji wa zamani, zitakuonyesha majengo yalivyokaa.

#13 Binti Mwambao
Askari Kanzu, karibu sana. Kuhusu mechi mbili kabla ya kuandika: mazungumzo yanakuwa makali kwa sababu umetoka kubishana na wenzako watatu kwenye maiki, masikio yamejaa sauti za watu. Ni kweli inaweza kusaidia. Lakini kuna gharama usiyoiona. Mtafiti Sophie Leroy aliandika mwaka 2009 kwamba mtu akihama kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya akili hubaki kwenye ile ya kwanza, hasa kama haikuisha vizuri. Ukitoka kwenye mechi uliyouawa wa tatu kutoka mwisho, unaandika huku unaicheza tena kichwani. Mazungumzo yatatoka, muundo wa sura hautatoka.

Jaribu kugeuza: andika kwanza, saa mbili na robo hadi saa tatu kasoro tano, kisha skwadi saa tatu. Wenzako wanakuwa kengele yako ya kufunga faili. Na utafunga ukiwa katikati ya tukio, kama alivyosema Mhariri.

#14 Daftari la Pangani
Hilo la kuacha katikati lina jina, ni la mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik, 1927. Jambo lisilokamilika hukumbukwa zaidi kuliko lililokamilika. Ndiyo maana kazi za siku za gemu zinavuta, na ndiyo maana sentensi iliyokatwa inavuta.

#15 Nesi wa Raskazone
#14, majaribio ya baadaye hayakuafikiana sana na lile la Zeigarnik, baadhi hayakupata tofauti ya kumbukumbu. Atumie mbinu kama inamfaa, asiijengee imani.

#16 Hadithi Kila Ijumaa
Hakuna aliyeuliza kama sura hizo tisa ameshazitoa kwenye magrupu ya WhatsApp. Wengi wanaosimama sura ya kumi ni kwa sababu hiyo. Umetuma sura, watu wameweka mioyo na "tuma nyingine mkuu", ile furaha ya kumaliza kitabu umeshailipwa nusu. Kilichobaki ni kazi bila sherehe. Afunge mdomo mpaka rasimu iishe.

#17 Mpiga Chapa Ngamiani
Napinga. Wanaouza hadithi za kuendelea kwa vipande hapa nchini ndio wanaomaliza, kwa sababu wasomaji wameshalipa na wanadai. Dickens alitoa riwaya zake kwa mafungu ya kila mwezi. Deni kwa msomaji ni fimbo nzuri kuliko zote. La kuangalia ni moja tu: kama kijana anataka kuupeleka mswada kwenye tuzo, asome masharti kwanza, maana ziko zinazokataa kazi iliyokwisha kuchapishwa, na kusambaza mtandaoni kunaweza kuhesabiwa hivyo.

#18 Hadithi Kila Ijumaa
Dickens alikuwa na mkataba na malipo, ndugu yangu. Grupu la WhatsApp lina emoji.

#19 Askari Kanzu
Nilituma mbili za kwanza tu, nikaacha. Reli ya Mombo, asante mno kwa stesheni. Nimeshaona kuli wangu amesimama wapi. Wakuu, niulize la hesabu: nikitaka maneno 60,000, nilenge mangapi kwa siku? Nilisoma kuhusu 1,667.

#20 Mhariri wa Kale
1,667 imetoka kwenye NaNoWriMo, ile changamoto ya Marekani iliyoanza 1999, maneno 50,000 ndani ya Novemba yenye siku 30. Shirika lenyewe lilitangaza kufunga shughuli 2025. Lengo lile lilipangwa kwa Kiingereza, na neno letu moja hubeba mengi: "alimpikia" kwao ni maneno manne au matano. Kwa hiyo 1,667 za Kiswahili ni mzigo mzito zaidi ya zao. Usizifuate.

Hesabu yako: 60,000 ukitoa 21,000, zimebaki 39,000. Maneno 500 kwa siku, siku tano za wiki, ni 2,500. Hiyo ni wiki 16 hivi. Miezi minne, na Ijumaa usiku na Jumamosi skwadi ikupate. Anthony Trollope, mwandishi wa riwaya aliyekuwa mfanyakazi wa posta Uingereza, aliweka saa mezani na kujidai maneno 250 kila robo saa kabla ya kwenda kazini. Wewe dai 250 kwa nusu saa. Ndani ya dakika 40 ulizopewa na Binti Mwambao utapata 300 na kidogo, kwa hiyo ongeza nusu saa alfajiri, au ukubali wiki ziwe zaidi. Usijaze pengo kwa kukesha Jumapili. Maneno ya kukesha nayakata mengi kuliko ninayoyaacha.

Andika idadi kwenye karatasi ukutani: tarehe, maneno, na neno moja la kesho ("stesheni", "nyuki"). Usihesabu uliyofuta. Rasimu ya kwanza hairekebishwi koma mpaka iishe. Ile tabia ya koma mbili aliyoitaja mwanzisha uzi ndiyo mlango unaotokea kwenda kwenye gemu, maana kurekebisha kunakupa hisia ya kufanya kazi, halafu unajiruhusu kupumzika.

#21 Mgosi wa Muheza
Mhariri bado anamtetea na gemu lake! Ijumaa na Jumamosi zikiruhusiwa, Jumatatu itafuata. Mimi nimesimama palepale, alifute.

#22 Kalamu ya Chumbageni
Asanteni wote. Naona kuna wa simu, wa usingizi, wa sura, wa WhatsApp, na Mgosi peke yake na rungu lake. Nyumbani nitawasomea la Nesi na la bando la usiku kwanza, hilo sikulifikiria kabisa.

Fundi, swali: akiandika kwa vidole kwenye kioo, maneno 500 si mengi? Kibodi ya nje inafaa?

#23 Fundi Simu Makorora
Inafaa, na mwendo unabadilika mara moja kwa anayejua kuchapa. Kibodi yoyote ya kompyuta ya USB inafanya kazi kwa kiunganishi cha OTG, kile cha kuchomeka vifaa vya USB kwenye simu, kama simu inakubali OTG. Nyingi zinakubali, chache za bei ya chini hazikubali. Apime kwa flashi: ikisomeka, kibodi nayo itasomeka. Ya Bluetooth inataka chaji yake na ndogo zake zimebana vitufe, kidole kinapiga viwili. Kabla ya kuandika azime usahihishaji wa maneno wa Kiingereza, la sivyo "kuli" na "nyuki" zitabadilishwa kila mstari naye hatajua mpaka asome.

Na nakala. Kila akifunga zamu, faili lihifadhiwe kwa jina lenye tarehe, kisha nakala moja iende kwenye flashi au ajitumie kwa barua pepe mara moja kwa wiki. Kwenye mtumiaji wa pili wa simu kuna hatari hii: akimfuta huyo mtumiaji, faili zote za ndani yake zinafutika naye.

#24 Reli ya Mombo
Askari Kanzu, ukifika kwenye tukio la tarehe 4, kumbuka vita vikali vilikuwa mchana na jioni. Usimweke kuli wako stesheni usiku akisikia mizinga. Na Waafrika waliopigana siku ile waite askari, usiwaite "Wajerumani" kwa ujumla. Kuli wako angewatambua kwa sura na lugha, wengine pengine ni wa kwao.